Wasia wa Baba kwa Watoto: Tenzi Mbili za Shaaban Robert Zikisomwa Lubumbashi

Wasomaji wa Kiingereza wakitaja mashairi ya watoto humkumbuka Robert Louis Stevenson na diwani yake ya mwaka 1885, ambamo mtu mzima amejivika sauti ya mtoto anayecheza, anayeugua kitandani au anayestaajabia kivuli chake. Waliosomea shule za Kifaransa, nasi wa Lubumbashi tumo katika kundi hilo, humkumbuka La Fontaine, ambaye hekaya zake za kwanza zilitoka mwaka 1668 zikiwa zimetunukiwa mtoto wa mfalme asiyetimiza hata miaka 7. Fasihi ya Kiswahili ya zamani haikutuachia kitabu cha namna ya kwanza wala cha namna ya pili. Ilichotuachia ni wasia: mzazi amekaa, mtoto ameitwa, na utenzi ni yale mtoto anayoambiwa.

Makala haya yanakusudia kuzitazama tenzi mbili za namna hiyo, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, ambazo Shaaban Robert alizitunga kwa ajili ya watoto wake mwenyewe, ule wa kwanza kwa binti yake Mwanjaa na wa pili kwa mwanawe Hussein. Zote mbili zimo ndani ya Maisha Yangu, kitabu kilichotoka kwanza mwaka 1949 na kuunganishwa baadaye na Baada ya Miaka Hamsini katika chapa ya Nelson ya mwaka 1966. Hazikuchapwa ili zisimame peke yake kama kitabu cha watoto. Hata hivyo ndizo zilizo karibu zaidi na kile kinachoweza kuitwa diwani kongwe ya watoto katika Kiswahili cha karne ya 20, na kila mara mwalimu wa Kiswahili hapa kwetu anapotafuta kitu cha kuwapa vijana ambacho si sarufi, jina la Shaaban Robert hutangulia. Swali letu basi ni la uhakiki na la ualimu kwa pamoja: je, tenzi hizi zinamfaa mtoto wa Lubumbashi?

Wenye shaka wana hoja mbili. Wa kwanza husema kwamba hizi ni mawaidha matupu yaliyopangwa katika mizani, na kwamba ukiondoa vina unabaki na hotuba ya mzee. Wa pili husema kwamba hata kama ni ushairi, si ushairi wetu: mtunzi ni Mwislamu wa Tanga, lugha yake ni ya pwani, na mtoto wa Kenya au wa Katuba, mitaa yetu hii, hawezi kujiona ndani yake. Hoja ya pili ndiyo yenye uzito zaidi na tutakaa nayo kwa muda mrefu. Ya kwanza inajibika kwa wepesi kiasi, lakini jibu lake linatufungulia mlango wa ile ya pili.

Anayesema kwamba wasia ni hotuba husahau kuuliza nani anasema, na anasema katika hali gani. Kielelezo cha Shaaban Robert kinajulikana. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wasia mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa, ameshafiwa na mumewe Bwana Mataka wa Siyu miaka miwili kabla. Mwenyewe alifariki karibu na mwaka 1860. Utenzi huo ulipata umaarufu mpya baada ya Alice Werner na William Hichens kuuchapisha mwaka 1934. Mwanamke yule haongei kwa sababu anapenda kuhutubia. Anaongea kwa sababu anajua hatakuwapo. Kila shauri lililomo, hata lile dogo kabisa kuhusu usafi wa nyumba, linabeba uzito wa mtu anayefunga mizigo.

Shaaban Robert anaianza Hati kwa kuitikia mwanzo wa Mwana Kupona: binti anaitwa, anaambiwa akae, anapewa kazi ya kuandika. Mfanano huu wahakiki wameuona tangu zamani na mara nyingi wameishia hapo, kana kwamba kazi imekwisha wakishaonyesha kwamba mtunzi alimfuata mtangulizi wake. Tofauti ndiyo inayostahili kutazamwa. Kwanza, mzazi aliyefiwa amebadilika. Kule ni mjane anayezungumza na binti asiye na baba. Huku ni baba, na kitabu kinachobeba utenzi wake ndicho kile kile kinachobeba shairi la kumwombolezea Amina, mkewe. Msomaji wa Maisha Yangu hawezi kuusoma Utenzi wa Hati bila kukumbuka kwamba mtu aliyepaswa kusema maneno haya kwa binti, kwa desturi za pwani, ni mama, na kwamba mama hayupo. Baba amekikalia kiti cha mwingine. Kwa maoni yetu ndiyo sababu sauti yake katika utenzi huu ina upole ambao hauonekani kila mahali katika mashairi yake ya adili: anajua anafanya kazi isiyokuwa yake, na anaifanya kwa hadhari.

Pili, kuna hilo neno lenyewe, hati. Mwana Kupona alitoa wasiati. Shaaban Robert anatoa wasia pia, lakini jina analouita ni hati, yaani karatasi yenye nguvu, waraka unaoweza kuonyeshwa mbele ya mtu na ukamthibitishia mwenye nao haki fulani. Hili ni neno la karani, na Shaaban Robert alikuwa karani. Alifanya kazi katika idara ya forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, kisha katika idara nyingine za serikali ya kikoloni hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Mtu wa namna hiyo ana mshahara, ana uhamisho unaoweza kumfikia wakati wowote, na hana shamba kubwa wala jahazi la kumrithisha mtoto. Anachojua ni kwamba katika dunia aliyomo karatasi ndiyo inayofungua milango. Basi anampa binti yake karatasi.

Hapa ndipo tunapoanza kuona kwamba mtunzi huyu wa Tanga hayuko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilianza kuwaruhusu na kuwahimiza wafanyakazi wake waje na wake zao, ili watulie na kuzaa watoto ambao nao wangekuwa wafanyakazi. Mtoto wa kambi alipata nyumba, chakula, matibabu na shule kwa sababu baba yake alikuwa na namba katika daftari la kampuni. Karatasi ya baba ndiyo iliyokuwa hati ya familia nzima. Kwa hiyo neno hili ambalo mwanafunzi wetu atalitafuta katika kamusi ya Lenselaer, iliyochapishwa Paris mwaka 1983, kwa sababu yeye nyumbani husema mukanda, lina historia katika mji huu hata kama sauti yake ni ngeni.

Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa mwaka 2001 kitabu chenye jina la uchungu kuhusu bana Shaba walioachwa na baba yao. Anachunguza humo mamlaka ndani ya familia za wafanyakazi wa Katanga tangu 1910 hadi 1997, na baba anayetajwa katika jina la kitabu si mzazi wa damu. Ni kampuni. Gécamines, iliyorithi mahali pa Union Minière, ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Baada ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 na misukosuko ya siasa iliyofuata, kazi ilianguka hadi sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Mishahara ikawa ya kungojewa. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Katika nyumba nyingi mama ndiye aliyebaki kulisha watu kwa biashara ndogo, na baba aliyekuwa akisema mezani akasikilizwa alijikuta hana tena kilichoyapa maneno yake uzito.

Tukiusoma Utenzi wa Adili mbele ya vijana ambao babu zao waliyapitia hayo, swali moja haliepukiki: neno la baba lina thamani gani pale ambapo baba hana kitu mkononi? Wanaosema kwamba tenzi hizi ni mawaidha matupu wanadhani kwamba mwenye kutoa mawaidha ni mtu aliye juu. Sisi tunadai kwamba katika Hati, na kwa kiasi kidogo zaidi katika Adili, mwenye kutoa mawaidha ni mtu asiye na kingine cha kutoa. Tofauti hiyo inabadilisha usomaji mzima. Mzazi tajiri anayeusia uadilifu anaongeza kitu juu ya urithi. Mzazi huyu hana urithi wa kuongezea. Ukisomwa hivyo, utenzi unaacha kuwa amri na unakuwa jambo lenye kutia wasiwasi, kwa maana mtoto anaweza kuukataa na baba hana namna ya kumlazimisha.

Sharti tuseme wazi kwamba tenzi hizi mbili hazilingani kwa ubora. Adili ni kazi ya mtu aliyekamilisha wajibu. Hoja zinafuatana, dini, wazazi, elimu, kazi, ukweli, urafiki, na kila moja inapata fungu lake la beti kama vyumba vya nyumba ya serikali. Hussein anaitwa kwa jina lakini haonekani. Ungeweza kuliondoa jina lake ukaweka la kijana mwingine yeyote, na kwa kweli walimu wengi wamefanya hivyo kwa miaka mingi bila kudhuru chochote. Katika Hati hali ni nyingine. Kule kumketisha binti na kumpa kalamu kunaufanya utenzi wote uwe tendo linalotendeka mbele yetu. Mwanjaa si msikilizaji tu, ni mwandishi: mkono unaoandika maneno ya baba ni mkono wake. Mtoto anayejifunza kuandika kwa kuandika wasia wake mwenyewe ni picha ambayo Stevenson, pamoja na utamu wake wote, hana mfano wake.

Hata hivyo kuna jambo ambalo halifai kufunikwa kwa heshima. Ukizilaza tenzi hizi mbili ubavu kwa ubavu utaona kwamba binti anaelekezwa zaidi ndani ya nyumba, na kijana anaelekezwa zaidi nje, kwenye kazi na watu. Mwana Kupona alifanya vivyo hivyo, na Werner na Hichens waliupa utenzi wake jina la Kiingereza lililousifu wajibu wa mke. Lakini kati ya 1858 na 1949 dunia ilikuwa imepiga hatua, na Shaaban Robert mwenyewe alilijua hilo. Mtu huyu huyu baadaye aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyetoka katika umaskini akafika mahali ambapo sauti yake ilisikika katika santuri pwani nzima. Siti hakupata kuwa Siti kwa kukaa ndani. Mwalimu anayewafundisha wasichana wa leo Lubumbashi, ambao wengi wao wamewaona mama zao wakiendesha nyumba kwa bidhaa walizozibeba kutoka mpaka wa Kasumbalesa, atalazimika kuusoma wasifu wa Siti kando ya Utenzi wa Hati. Bila hivyo watamcheka mtunzi, na watakuwa na haki.

Tuje sasa kwenye lugha, ambapo hoja ya pili ya wenye shaka ina nguvu zake zote. Hakuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa jarida hili kwamba Kiswahili cha Lubumbashi si Kiswahili cha Tanga. Kilifika Katanga kwa njia za biashara kutoka mashariki na kwa Bayeke wa Msiri kabla ya mwaka 1891, kisha kikakua upya katika kambi za wafanyakazi kati ya watu waliosema Kibemba, Kiluba, Kisanga na lugha nyingine nyingi. Kina ba- pahali pa wa-, kina mu- pahali pa m-, kina msamiati wake wa jikoni na wa kazini, na kina wasemaji ambao hawajapata kukiona kikiandikwa shuleni isipokuwa katika sura ya Kiswahili sanifu, ambayo kwao ni kama nguo ya sikukuu iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Hatari tunayoizungumzia ni hii: ukimpa mtoto wa Lubumbashi kitabu cha sarufi sanifu, la kwanza analojifunza ni kwamba yeye na mama yake wanasema vibaya.

Je, utenzi unamfanyia hivyo hivyo? Tumejaribu kulijibu swali hili kwa njia ya kizamani, yaani kwa kuhesabu mizani. Sheikh Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alitufundisha kwamba m inayotamkwa peke yake mbele ya konsonanti ni mizani kamili. Mtoto kwa mdomo wa pwani ni m-to-to, mizani 3. Kwa mdomo wetu ni mu-to-to, mizani 3. Mtu ni mizani 2, mutu ni mizani 2. Mji na muji vivyo hivyo. Watoto na batoto hazipishani. Sikia ikigeuka sikiya haipotezi kitu. Kwa kuwa mshororo wa utenzi una mizani 8, na kwa kuwa tofauti nyingi za matamshi yetu ziko katika viambishi vya mwanzo wa neno wala haziongezi na hazipunguzi silabi, mtoto wa Lubumbashi anaweza kuusoma utenzi wa pwani kwa mdomo wa nyumbani kwao na mshororo ukasimama wima. Mwalimu hana sababu ya kumkatiza kila anaposema mu-. Hili halimo katika kitabu cha sarufi. Sarufi hukataa, mizani inapokea.

Vina vinaleta mambo zaidi, mengine ya kufurahisha. Kina hukaa mwishoni mwa kipande, na huko viambishi havifiki. Lakini sauti za dh, th na gh, ambazo mtu wa pwani huzitofautisha, kwetu huingia katika z, s na g. Matokeo yake ni kwamba radhi, neno zito kabisa katika wasia wowote wa mzazi, kwa mdomo wetu huwa razi, na ghafla linapata kina pamoja na kazi na pamoja na muzazi. Kwa sheria za Amri Abedi vina hivyo havikubaliki. Kwa sikio la Lubumbashi ni vina kamili, na mtunzi wa hapa anayeandika wasia kwa mwanawe ana utajiri ambao Shaaban Robert hakuwa nao. Pia tunachanganya r na l mara kwa mara, kiasi kwamba bukari na bukali ni chakula kimoja, na kwa hiyo ra na la zinaweza kukutana mwisho wa mshororo bila mtu kushtuka.

Tunapopoteza ni kwingine. Mshairi wa pwani huhesabu tulia na chukua kuwa na kina kimoja, kile cha a peke yake. Sisi husema tuliya na chukuwa, na kina kinavunjika: ya huku, wa kule. Beti zinazotegemea kina hicho zitasikika zimepinda darasani kwetu, na mwalimu hana la kufanya ila kueleza sababu. Maji nayo, yanayokuwa mayi, yanamharibia mtunzi kazi kila yanapokaa mwisho. Hizi ni hasara ndogo. Tumezitaja ili asije mtu akadhani tunatetea kila kitu.

Msamiati ni tatizo kubwa kuliko matamshi. Hati, wasia, adili: maneno matatu ya msingi, na hakuna hata moja ambalo mtoto wa miaka 10 hapa atakuwa amelisikia sokoni. Hapo msomaji anaweza kutukumbusha Rousseau, ambaye katika Émile, mwaka 1762, aliichukua hekaya moja ya La Fontaine, ile ya kunguru na mbweha, akaipitia mshororo kwa mshororo ili kuonyesha kwamba mtoto haelewi maneno yake, na kwamba akiielewa atajifunza ujanja wa mbweha badala ya kuuepuka. Hoja yake ilikuwa kali na haikushinda. Watoto wa Ufaransa waliendelea kukariri hekaya hizo, na watoto wa Kongo wakakaririshwa baada yao, wengi wao bila kujua jibini ni kitu gani. Yeyote aliyepitia njia hiyo anajua kwamba maneno yasiyoeleweka hukaa kichwani kama mbegu katika ghala, na kwamba mengine huota baada ya miaka 20.

Hatusemi hili ili kutetea kukariri bila kuelewa. Tunasema kwamba mtoto wetu anayeombwa kuvumilia jibini la La Fontaine anaweza kuombwa kuvumilia hati ya Shaaban Robert, ambayo iko karibu naye mara mia. Na kuna tofauti ambayo Rousseau angeipenda: Shaaban Robert hafichi funzo ndani ya mnyama. Mtoto wa Katanga ana Kalulu wake, sungura mjanja wa hadithi zinazosimuliwa huku na ng'ambo ya mpaka, Zambia, na kutoka kwa Kalulu anajifunza ujanja mwingi sana bila msaada wa mwalimu. Wasia unampa kitu ambacho Kalulu hampi, yaani mtu mzima anayemtazama usoni.

Wako watakaosema: kwa nini basi tusizitafsiri tenzi hizi katika Kiswahili cha Lubumbashi? Jambo hili tumelifikiria na tunalipinga. Utenzi ukiwekwa ba- na mu- katika maandishi utakuwa umepata sura ya nyumbani kwa nje tu. Misamiati ya kidini, mpangilio wa hoja, adabu ya pwani, vyote vitabaki, na kitakachozaliwa ni kitu kinachosikika kama mzaha. Tena mzaha huo tayari una mabwana wake. Kundi la Mufwankolo lilionyesha kwa miaka mingi, jukwaani na katika redio na televisheni, kile ambacho Kiswahili cha mji huu kinaweza kufanya kinapozungumzia baba, mama, watoto na fedha ya nyumba, na halikuhitaji kumtafsiri mtu. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke naye, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili cha huku na gitaa moja, na watu walimsikia hadi Nairobi. Lugha hii ina ushairi wake. Kinachokosekana ni ushairi huo kuandikwa kwa ajili ya watoto na kuingia darasani kwa sura yake mwenyewe.

Sheria haitukatazi. Sheria ya elimu ya mwaka 1986, na ile ya Februari 2014 baada yake, zote zimezipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi katika elimu ya msingi, na katiba imekitaja Kiswahili kuwa kimojawapo cha lugha 4 za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wapo wanaodhani kwamba sasa vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi vitatosha. Havitatosha. Vitakuja, na karibu kwao, lakini mtoto anayesoma vitabu vya wengine tu hawezi kujua kwamba mdomo wake mwenyewe unaweza kuandikwa.

Pendekezo letu kwa walimu ni la kawaida kabisa. Usomeni Utenzi wa Hati, ule wa Adili kwa sehemu chache tu. Msirekebishe mu-. Elezeni maneno 20 au 30, si zaidi. Kisha waombeni wanafunzi wafanye kile ambacho utenzi wenyewe hauna: wajibu. Kwa maana hii ndiyo kasoro kuu ya tenzi zote za wasia tangu Mwana Kupona, na kwa kadiri ya usomaji wetu wahakiki hawajaitilia maanani ya kutosha. Mwanjaa anaandika beti kwa mkono wake na hasemi hata neno moja lake mwenyewe. Tungependa kumsikia akijibu kwa mizani 8, kwa Kiswahili chochote alicho nacho.

Majibu hayo yakikusanywa hapa, litazuka suala la namna ya kuyaandika, nalo halina jibu jepesi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa macho ya watumishi wa nyumbani, katika Kiswahili cha mji huu huu, akiandika maneno kama alivyoyasikia na kuyakata pale alipoona panafaa. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 aliona hawezi kuisoma kwa macho peke yake. Ilibidi msemaji wa Lubumbashi aisome kwa sauti ndipo maana ikatoka. Maandishi ya watoto yatakuwa hivyo hivyo. Kwa maoni yetu yaachwe kama yalivyoandikwa, mutoto ibaki mutoto, na kando ya kila jibu ziwekwe mizani zilizohesabiwa na mtoto mwenyewe, ili anayesoma mbali na hapa ajue silabi zinakatwa wapi.